Risasi Katika Mchezo

Kusini ya Bandari ya Mtwara ndipo Mto Ruvuma unapoingia baharini, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Vita vya ukombozi vilipoanza huko mwezi wa Septemba 1964, kusini ya Tanzania ilikuwa ghala na kimbilio lake: wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa Nachingwea, na majeruhi waliuguzwa Mtwara. Mwaka 1971 Mmarekani Robert Van Lierop aliingia Msumbiji pamoja na wapiganaji hao, akatengeneza picha ya senema iitwayo A Luta Continua. Bunduki zinazoonekana humo ni za kweli, kwa kuwa vita vyenyewe vilikuwa vya kweli. Hakuna aliyeambiwa afe, kisha ainuke.

Senema ya kubuni ni jambo jingine. Msingi wake ni ahadi: aangukaye atainuka. Mtazamaji hulia huku akiijua ahadi hiyo, na mchezaji huukabili mtutu kwa kuiamini. Kwa sababu hiyo habari ya risasi za moto katika uwanja wa mchezo si ya polisi peke yao. Ni ya mhakiki pia, maana azileteaye uwanjani huvunja mkataba ambao sanaa imesimama juu yake.

Mkataba huo umevunjika zaidi ya mara moja. Mwaka 1984, huko Marekani, mchezaji Jon-Erik Hexum alijielekezea kichwani bastola yenye risasi baridi, yaani baruti isiyo na kichwa cha risasi. Pigo la mlipuko likamvunja fuvu, akafa siku chache baadaye. Wahenga walinena: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Machi 1993 aliuawa Brandon Lee katika kutengeneza The Crow. Risasi bandia iliyoondolewa baruti ilikuwa imesazwa na fataki yake. Fataki ikakisukuma kichwa cha risasi mtutuni, kikakwama pasipo kuonekana. Baadaye bastola ile ile ikashindiliwa risasi baridi, na mlipuko wake ukakitoa kile kilichokwama. Vipande viwili viliungana gizani vikawa risasi kamili.

Tarehe 21 Oktoba 2021, katika jimbo la New Mexico, Alec Baldwin alikuwa katika mazoezi ya picha ya Rust. Bastola aliyoishika ilikuwa imetangazwa kuwa salama. Risasi ya moto ikatoka, ikamuua mpiga picha Halyna Hutchins na kumjeruhi mwelekezi Joel Souza. Mwaka 2024 mtunza silaha alifungwa miezi 18 kwa kuua bila kukusudia. Kesi ya Baldwin ilifutwa. Aliyekufa hakuwa hata mmoja wa wachezaji. Alikuwa nyuma ya kamera, akifanya kazi yake.

Watetezi wa silaha za kweli husema kwamba chuma kina uzito wake, moshi una umbo lake, na bega la mpigaji hurudi nyuma kwa namna isiyoigika. Hoja hii haistahili kudharauliwa. Walakini tazama Wakaliga, mtaa wa Kampala, alikofanya kazi Isaac Nabwana. Katika Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, bunduki zimeundwa kwa vyuma chakavu, na miali ya moto imetiwa baadaye kwa kompyuta. Ni kweli kwamba picha ile huchekesha kuliko kuhuzunisha, na msiba wa Ruvuma hauwezi kusimuliwa kwa kicheko. Lakini kicheko hicho kimetoka katika mwendo wa hadithi na maneno ya msimulizi, si katika ubandia wa bunduki.

Ushahidi wa karibu zaidi uko katika uwanda wa Makonde, nyuma ya Mtwara. Katika ngoma ya mapiko kinyago ni mti uliochongwa, na watu wazima walijua hilo. Hata hivyo hofu na heshima huwaingia. Huletwa na shingo ya mchezaji, hatua zake na mlio wa ngoma. Sanaa iliyokomaa haihitaji kitu chenyewe ili ioneshe nguvu ya kitu hicho.

Basi atakayetaka kuvibuni vita vya Ruvuma na azingatie haya. Risasi ya moto isikanyage uwanjani, hata kwa mapumziko ya kulenga shabaha. Kila risasi bandia itikiswe mbele ya mchezaji, isikike golole ndani yake, au lionekane tundu ubavuni. Mtutu ukaguliwe kwa macho, wala usielekezwe kwa mtu, awe mbele ya kamera au nyuma yake. Neno la "salama" lisipokewe kwa masikio tu.

Walioanguka katika vita vya kweli hawakuinuka. Kumbukumbu yao haipati heshima yoyote kwa kuongezewa maiti wa mchezo.