Anayeketi Nyuma Ndiye Dereva

Kayaki ya watu wawili kwa kawaida huongozwa na aliyeketi nyuma. Jambo hili huonekana dogo mpaka mume na mke waingie majini, kila mmoja na kasia lake lenye bapa huku na huku, na kila mmoja akijua yeye peke yake njia ya kufika ng'ambo. Wapiga kasia wa Marekani na Uingereza hukiita chombo hiki, kwa mzaha ambao si mzaha sana, chombo cha talaka. Mambo ya ndoa nawaachia wengine. Lakini ugomvi huo una chanzo cha kifizikia, na Mto Nzoia, unaopita kaskazini mwa mji wa Mumias nchini Kenya, ni mahali pazuri pa kuuchambulia.

Tuanze na tumaini linalovunjika mapema: watu wawili, nguvu maradufu, basi mwendo maradufu. Si hivyo. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Bálint Kopasz wa Hungaria alishinda mita 1,000 akiwa peke yake kwa muda wa 3:20.643. Katika michezo hiyohiyo, kwenye maji yaleyale, Thomas Green na Jean van der Westhuyzen wa Australia, huyu wa pili mzaliwa wa Cape Town, walishinda mita 1,000 za watu wawili kwa 3:15.280. Mtu mzima wa pili, bingwa wa dunia nzima, ameleta nafuu ya sekunde 5 na ushee. Upepo haufanani siku zote, kwa hiyo tusiing'ang'anie mno tofauti hiyo, ila sababu yake inajulikana. Ukinzani wa maji hukua kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayotakiwa hukua kwa mchemraba wake. Ongeza nguvu maradufu bila kugusa kitu kingine, na mwendo utapanda kwa asilimia 26 tu. Chombo cha wawili nacho ni kirefu zaidi na hugusana na maji mengi zaidi, kwa hiyo hata hiyo asilimia 26 haifiki mkononi yote.

Nafuu ya kweli iko kwenye mzigo. Kanuni za mashindano zinataka kayaki ya mmoja isipungue kilo 12, na ya wawili kilo 18; kila mtu anasukuma kilo 9 badala ya 12. Wawili wakipiga kasia kwa pamoja, huchoka polepole. Wasipokwenda pamoja, mabapa hugongana, na kila mgongano ni pigo lililopotea.

Basi nani amfuate nani? Aliye mbele hana macho kisogoni, hamwoni mwenzake. Aliye nyuma anamwona wa mbele vizuri, mabega na mikono. Kwa hiyo wa mbele ndiye anayeweka mapigo, na wa nyuma humfuata kama kivuli, bapa la kushoto kwa la kushoto. Wa mbele akiwa na pupa, wote wawili watahema kabla ya kufika katikati ya mto. Kazi yake ni kupiga kasia kwa mwendo ambao mwenzake anaumudu, hata kama yeye ana misuli ya kukata miwa kutwa.

Uelekezaji ni wa nyuma, na hapa ndipo nyumba nyingi hukosana. Chombo kinapokwenda mbele, maji huibana pua yake, na mhimili wa kugeukia husogea mbele ya katikati. Tezi ndiyo iliyo huru kuyumba. Pigo la kufagia linalopigwa nyuma kabisa, mbali na mhimili, hukigeuza chombo kwa urahisi. Pigo lilelile mbele hufanya kazi kidogo sana. Lakini wa mbele ndiye anayeona pua ikienda kombo kwanza, kwa hiyo huvuta upande mmoja kwa nguvu kuirekebisha, wakati mwenzake nyuma ameshaanza kurekebisha vilevile. Marekebisho mawili kwa kosa moja: chombo hupita kiasi, kikageukia upande wa pili, kisha lawama zinaanza.

Kwenye maji yaliyotulia hilo ni usumbufu tu. Kwenye mkondo ni hatari. Tuchukulie mto wenye upana wa mita 50, mkondo wa mita 1 kwa sekunde, nanyi wawili mnaweza kwenda mita 1.5 kwa sekunde. Mkielekeza pua ng'ambo moja kwa moja, mtavuka kwa sekunde 33, lakini mtatua mita 33 chini ya mlipokusudia. Mkiielekeza juu, kule maji yanakotoka, kwa nyuzi 42 hivi kutoka mstari wa kuvukia, mtatua palepale mlipotaka, ila kwa sekunde 45. Mvushaji mzoefu wa mtumbwi haihitaji hesabu hii. Hukokota chombo chake kandokando ya ukingo, kwenye maji ya polepole, akapanda juu kidogo, ndipo akauachia mkondo ufanye sehemu ya kazi.

Sasa angalia mkondo ukifika mita 2 kwa sekunde, jambo la kawaida mto unapojaa wakati wa masika. Mwendo wenu ni 1.5. Hakuna pembe yoyote itakayowafikisha mlipolenga, na maji ya kahawia yanaficha magogo. Siku hiyo kayaki ibaki nchi kavu. Kuna daraja kwenye barabara ya Bungoma.

Pembe ile ya nyuzi 42 ndiyo inayopotea wa mbele anapoogopa. Mkondo huisukuma pua chini, naye huacha kupiga kasia ili ashike kingo za chombo. Mwendo hushuka, pembe hufunguka, na tayari mnateremka na mto. Anachotakiwa kufanya ni kuendelea na mapigo yaleyale. Wa nyuma hufagia upande wa chini ya mto mpaka pua irudi juu. Na wote wawili wasiegemee upande maji yanakotoka, maana maji hupanda ukingoni na kukipindua chombo kwa kufumba na kufumbua.

Wa mbele ana kazi nyingine: ndiye macho. Mgongo wake unamziba mwenzake asione kilicho mbele ya pua. Maneno yaafikiwe kabla ya kuondoka, tena yawe machache: kushoto, kulia, kisiki, simama. Sentensi ndefu haifai kitu kisiki kikiwa mita tano mbele.

Ng'ambo ya mpaka, huko Jinja nchini Uganda, ambako watalii hupelekwa kwenye maporomoko ya Nile kwa kayaki ya wawili, mgawanyo huu umesukumwa hadi mwisho. Mgeni huketi mbele na mtaalamu nyuma. Chombo kikipinduka, mgeni hukunja mwili mbele akatulia, na mtaalamu hukiinua peke yake kwa kasia. Msaada mkubwa wa mgeni ni kutofanya lolote.

Mtoto akiongezeka, mzito wa wazazi wawili akae nyuma, kwa kuwa pua iliyozama huchimba maji na kuyumba. Mtoto akae katikati, chini kabisa, jaketi la kuokoa maisha likiwa limefungwa kabla ya kugusa maji. Mahali penyewe, kwa maoni yangu, pasiwe Nzoia. Mto huu una mashimo ya wachimba mchanga, na kadiri unavyokaribia Ziwa Viktoria, viboko na mamba. Ziwa Kanyaboli kule Siaya, lisilo na mkondo wa kupigana nao, linafaa zaidi kwa kujifunza mapigo. Hata hapo, waulizeni wavuvi kwanza.

Kutua nako kuna utaratibu. Pua iguse ukingo ikiwa imeelekea juu ya mto. Wa mbele ashuke kwanza akishika kamba, huku wa nyuma akiendelea kupiga kasia taratibu ili tezi isisombwe. Wa nyuma akitangulia kushuka, mkondo huizungusha tezi, na aliyebaki mbele hujikuta ameelekea Budalang'i, kule mto unakokaribia ziwa, peke yake.