Nuru ya Ziwa Letu Katika Picha

Wako watu siku hizi waitwaao picha ya kamera ya ziwa na kuigeuza, kwa brashi au kwa kompyuta, iwe mfano wa picha za wale wachoraji wa Ufaransa waitwao Waimpreshonisti. Mara nyingi kazi hiyo huishia katika kufifiza mistari na kutia jua jekundu juu ya maji. Yafaa tuipime.

Jina la wachoraji hao latokana na picha ya Claude Monet, aliyoichora bandarini Le Havre mwaka 1872, ikaonyeshwa Paris mwaka 1874. Ndani yake jua la rangi ya chungwa limo katika ukungu wa asubuhi. Nayo ina ajabu yake: ikipigwa kwa kamera isiyo na rangi, jua lile karibu hutoweka, kwani mwangaza wake hauzidi ule wa mbingu iliyolizunguka, latambulikana kwa rangi tu. Basi Monet aliipima nuru kwa jicho. Tena mashua iliyo mbele ni mipigo michache ya brashi, lakini watu waliomo waonekana.

Sasa tuje kwetu. Sisi wa Ndandalo twajua kwamba mashariki ya Ziwa Nyasa imesimama Milima ya Livingstone. Kwetu jua halichomozi majini. Mbingu hung'aa kwanza, na maji yaliyo chini ya milima yangali kivulini. Jua litokeapo juu ya vilele limekwisha kuwa kali. Atiaye jua la Le Havre juu ya maji yetu hakulitazama letu.

Kosa la pili ni kivuli. Kamera mara nyingi hukionyesha cheusi, na mgeuzaji hukiacha vivyo hivyo. Wafaransa wale walikiona kina rangi, samawati au zambarau, kwa kuwa chapokea nuru ya mbingu.

Kosa la tatu ndilo kubwa: mvuvi na mtumbwi wake humezwa na uzuri wa rangi. Monet hakuwafuta watu wake. Nasi tusimfute atulishaye samaki.

Kwa hiyo mwalimu atakaye kuwafundisha watoto kazi hii asianze na picha ya kamera. Awapeleke kwanza ufukoni alfajiri, watazame rangi zinavyobadilika. Kisha picha iwakumbushe umbo la milima, na rangi waitie kwa yale waliyoyaona wenyewe.