Kujikinga na Kukingia: Uhakiki wa Mitindo ya Mapigano katika Mchezo wa Dungeons & Dragons kwa Jicho la Tafsiri ya Kiswahili

Ikisiri
Makala haya yanahakiki mitindo sita ya mapigano anayochagua mhusika mpiganaji katika toleo la tano la mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons. Hoja kuu ni kwamba majina ya mitindo hiyo hayalingani na kanuni zinazobebwa nayo, na kwamba tafsiri inayofuata jina badala ya kazi itabadilisha mchezo wenyewe. Makala yanapendekeza istilahi zinazotumia uwezo wa unyambulishaji wa vitenzi vya Kiswahili.

1.0 Utangulizi
Dungeons & Dragons ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Chimbuko lake ni michezo ya vita inayochezwa kwa sanamu ndogo. Katika toleo la kwanza, mpiganaji alitofautishwa na mchawi na kasisi, lakini wapiganaji wenyewe kwa wenyewe walifanana sana. Ubingwa maalumu wa silaha uliongezwa katika miaka ya 1980, na toleo la tano la mwaka 2014 likaufupisha: mpiganaji huchagua mtindo mmoja kati ya sita tangu ngazi ya kwanza.

Januari 2023, hati ya kanuni za msingi za toleo hilo, SRD 5.1, iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons. Leseni hiyo inamruhusu yeyote kuitafsiri, kuirekebisha na hata kuiuza, mradi ataje chanzo. Mwaka huohuo hati ilitolewa pia kwa Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani na Kihispania. Kwa hiyo, hakuna kizuizi cha kisheria kinachoizuia kusomwa kwa Kiswahili. Kinachobaki ni kazi ya lugha.

2.0 Jina na Kazi
Kanuni ya mchezo ni agizo. Msomaji wa riwaya akikosea maana ya neno moja, hadithi huendelea. Mchezaji akikosea, matokeo ya pigo hubadilika. Mtindo uitwao Dueling ni mfano mzuri. Mtafsiri anayefuata jina ataandika “pambano la wawili”, na kiambishi cha kutendana kilichomo katika neno pambano kitamsadikisha msomaji kwamba sharti awepo adui mmoja tu. Kanuni haisemi hivyo. Inampa nyongeza ya 2 katika madhara yule aliyeshika silaha moja ya karibu kwa mkono mmoja bila silaha nyingine, hata akizingirwa na maadui kumi. Ngao haihesabiwi kuwa silaha, hivyo anaweza kuwa nayo. Kinachohesabiwa ni kilichomo mikononi mwake, si idadi ya wapinzani. Istilahi “mtindo wa silaha moja” ingetosha.

Archery nao si wa upinde pekee. Unaongeza 2 katika mrusho wa dadu ya pande 20 kwa silaha yoyote ya masafa, ikiwemo kombeo. Nyongeza hiyo kwa kawaida hupandisha uwezekano wa kulenga shabaha kwa asilimia 10. “Mtindo wa masafa” unaieleza kanuni hii kwa usahihi kuliko “upigaji upinde”.

3.0 Mnyambuliko Unaofafanua
Mitindo miwili inaitwa Defense na Protection. Kwa Kiingereza, nomino hizi zinakaribiana kiasi kwamba mchezaji mgeni huzichanganya. Kanuni zake, hata hivyo, ziko mbali. Ya kwanza inamwongezea 1 katika kiwango cha kinga mpiganaji aliyevaa deraya. Ya pili inamruhusu mwenye ngao kuingilia shambulio linaloelekezwa kwa mwingine aliye ndani ya futi 5 kutoka alipo, ili mshambuliaji arushe dadu mbili na kuhesabu iliyo ndogo.

Hapa Kiswahili kina nafasi bora kuliko lugha ya asili. Kutoka katika mzizi mmoja -king- tunapata “kujikinga” na “kukingia”. Kirejeshi -ji- kinaonyesha kwamba mnufaika ni mtenda mwenyewe. Kauli ya kutendea inaonyesha kwamba ni mwingine. Mchezaji akisoma “mtindo wa kukingia”, kabla hata ya kufika kwenye maelezo, anajua kwamba lazima awepo wa kukingiwa.

4.0 Mkuki Unapoondoka Mkononi
Udhaifu mwingine ni wa mfumo wenyewe. Mkuki umeorodheshwa miongoni mwa silaha za karibu zinazoweza kurushwa. Ukishikwa kwa mkono mmoja pamoja na ngao, wastani wa madhara hutoka 3.5 hadi 5.5 kwa mtindo wa silaha moja. Ukishikwa kwa mikono miwili, mtindo wa silaha kubwa huruhusu kurudia dadu iliyoonyesha 1 au 2, na wastani hupanda kutoka 4.5 hadi 5.25 tu. Mfumo unautuza mkuki na ngao, na mtu aliyeona silaha za Wamaasai hatashangaa.

Mkuki unaporushwa, hali ni nyingine. Kwa kuwa haumo katika orodha ya silaha za masafa, haupati nyongeza ya kulenga. Zaidi ya hayo, kuchomoa silaha bila gharama huruhusiwa mara moja tu kwa zamu, hivyo mrushaji mwenye mashambulio mawili hubaki mikono mitupu upesi. Mtindo wa warushaji uliongezwa mwaka 2020 katika kitabu cha nyongeza, lakini haumo katika SRD 5.1. Mtafsiri wa Kiswahili atarithi pengo hilo. Katika pwani ambako “fumo” ni mkuki na pia ni cheo cha Fumo Liyongo, pengo hilo si dogo. Leseni inaruhusu kurekebisha. Kwa hiyo tafsiri inaweza kuwa na mtindo wake wa kurusha, ukitungwa upya na kutambulishwa wazi kuwa nyongeza ya watafsiri.

5.0 Hitimisho
Ipo hoja kwamba wachezaji wamezoea majina ya Kiingereza na wayaache yalivyo. Hoja hiyo inawahusu wanaocheza tayari. Mezani, ubishi wa kanuni huamuliwa na anayeweza kusoma matini, na matini ikibaki katika lugha moja, mwamuzi atakuwa yuleyule kila siku. BAKITA na BAKIZA zimeshughulikia kwa muda mrefu istilahi za utawala, sheria na sayansi. Michezo ya kanuni inastahili orodha yake ya istilahi, fupi na iliyojaribiwa na wachezaji kabla ya kusanifishwa. Mitindo hii sita ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu kosa lolote litaonekana mara dadu inaporushwa.