Sifa za Prototaipu na Konstrakta

Mei 1995, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliunda JavaScript kwa siku kumi. Wakubwa wake walitaka lugha ifanane na Java. Sura akaichukua huko, lakini moyo akauchukua kwa Self, lugha ya David Ungar na Randall Smith, ambamo objekti hurithi kutoka kwa objekti nyingine bila kuhitaji klasi. Hapo ndipo konstrakta na prototaipu zilipokutana, na kwangu mimi huu ni ufundi wa kusifiwa.

Chukua funksheni Mteja iwe konstrakta yetu. Ukiandika new Mteja("Asha"), objekti mpya huumbwa, huunganishwa na Mteja.prototype, kisha konstrakta huijaza kilicho chake peke yake, yaani jina. Funksheni salimu tumeiweka kwenye Mteja.prototype. Asha akiambiwa asalimu, injini huitafuta kwanza kwake; isipoiona hupanda kwenye prototaipu yake, na kama hata huko haipo, hupanda hadi Object.prototype, ambako mnyororo huishia kwenye null. Uwe na wateja 10,000, salimu ni moja tu. Irekebishe pale ilipo, na hata wateja walioumbwa kabla wataipata mpya.

Wengi hukwama hapa: Mteja.prototype si mzazi wa Mteja. Ni mzazi wa wale wanaoumbwa na Mteja. Mteja yenyewe ni funksheni, kwa hiyo hurithi kutoka Function.prototype. Nayo Mteja.prototype hubeba sifa ya constructor inayoionyesha Mteja. Ukiweka objekti nyingine kabisa mahali pake, wateja wa zamani hubaki na prototaipu ya zamani. Wapya hufuata mpya, na constructor hupotea usipoirudisha kwa mkono wako.

Mwaka 2015 lugha ilipata neno class. Maandishi yakawa mepesi, lakini chini yake mnyororo ni uleule: metodi unazoandika ndani ya class bado hukaa kwenye prototaipu.

Kwa hiyo, wewe unayejifunza, usiishie kwenye class. Fungua konsoli, muumbe asha, uandike Object.getPrototypeOf(asha) === Mteja.prototype. Jibu ni true. Ukiweza kueleza kwa nini, umeshaijua JavaScript kuliko wengi wanaoitumia kila siku.