Masijala ya Kusadikika

Kitabu changu cha Kusadikika kiliingia maji usiku mmoja wa Machi 2024, pamoja na magodoro mawili, gunia la mahindi na cheti changu cha ualimu. Siku ya tatu, nilipokuwa nikizikausha kurasa zake kando ya jiko la mkaa, nilijikuta nasoma badala ya kukausha.

Msomaji asiyeijua Mafinga ajue kwamba mji huu uko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haina huruma. Kitu kilicholowa wakati wa masika hubaki na ubichi hadi Julai. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, kama nyingi za mtaa huu. Maji hayayadhuru sana matofali. Huulainisha udongo ulio katikati yake, chini kabisa, pale ambapo jicho halifiki. Kwanza lipu inavimba, kisha inabanduka, halafu siku moja unaona ufa umetoka kwenye msingi mpaka dirishani. Jiko la jirani yetu mjane lilianguka lote. Chanzo kinajulikana: barabara ya mtaa iliinuliwa kwa kifusi, na kalavati lililo chini yake limeziba kwa matope na maranda ya mbao. Mji wa mbao, maranda hayakosekani.

Nikaandika barua. Karani aliyeipokea ni kijana niliyemfundisha darasa la tano. "Shikamoo mwalimu," akasema, akanipa kiti, akaigonga mhuri. Nilirudi baada ya wiki mbili: mkubwa yuko semina. Nikarudi Aprili: faili limepelekwa kwingine, maana mtaro huo una wenyewe. Huko kwingine nikaambiwa wenyewe ni wale wa kwanza. Barua ya pili ikagongwa mhuri, na ya tatu pia. Sikutukanwa wala kufukuzwa hata siku moja. Tarehe 25 mwezi huo Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 nchini walikuwa wamekufa kwa mvua zile, nami nikaona aibu kidogo kuusumbua umma kwa ajili ya ukuta. Aibu hiyo ilinikaa siku mbili, mpaka mvua nyingine.

Basi nikiwa katika hali hiyo ndipo nilipomsoma tena Shaaban Robert. Hadithi inajulikana. Karama anataka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Waziri Majivuno anamshtaki. Naye, katika kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa wakaishia kifungoni. Tulipokuwa shule tulifundishwa kwamba hiki ni kitabu cha dhuluma, na kwa kuwa kilitoka mwaka 1951, chini ya Mwingereza, kila mwalimu alituonyesha mkoloni ndani yake. Sikatai. Lakini safari hii kilichonishangaza si dhuluma. Ni jinsi Karama anavyosikilizwa!

Hebu tazama. Mfalme ameketi. Wakubwa wameketi. Mshtakiwa anasema kwa kirefu, mjumbe baada ya mjumbe, na hakuna anayeondoka kwenda semina. Majivuno, pamoja na ubaya wake wote, anajibu: anasimama mbele ya watu, anasema hapana, na anatoa sababu. Nathubutu kusema kwamba hapo ndipo kitabu kinapolegea. Kinaamini kuwa ubaya wa utawala umo katika kusikia na kukataa. Kwa hiyo ukweli ukisemwa vizuri mbele ya sikio la mwenye enzi, mambo yatatengemaa, na kweli yanatengemaa. Utawala usiokataa neno lolote, unaopokea kila barua kwa adabu, haumo. Na ajabu ni kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi. Mafaili aliyajua kuliko mimi. Huenda alikwenda angani ili apate kuyakimbia, wala simlaumu.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo nimeliazima kwake. Barua zangu tatu zilikuwa za mtu mmoja na ukuta wake. Karama hajitetei kwa kujisemea. Anawasemea wengine, mmoja mmoja, kila mtu na lililompata. Barua ya nne tuliiandika kaya sita, na kila kaya ilipewa aya yake: jiko la mjane, choo kilichotitia, ukuta wangu, na mengineyo. Mwenyekiti wa mtaa aliweka sahihi.

Niliipeleka mwenyewe Oktoba, mwezi mmoja kabla ya mvua. Yule kijana aliisoma yote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa zile za kwanza, kisha akaniuliza habari za kile kitabu kilichokunjamana nilichokishika. Nikamweleza. Alicheka, akauliza kama huko Kusadikika kuna masijala. Nilikwenda nyumbani nikaitafuta kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, wala sikuiona.