Jina la Mhunzi

Mwaka 1968 wachimbaji walifukua kaburi lililokuwa juu ya kilima cha Inariyama, mkoani Saitama, Japani. Kilima hicho, chenye urefu wa mita 120 kutoka ncha hadi ncha, ni kofun, kaburi la kale la wakuu lililorundikwa udongo. Marehemu alizikwa na kioo cha shaba, kito cha kijani kilichopinda, vyombo vya farasi na upanga wa chuma uliokwisha kuliwa na kutu.

Miaka kumi baadaye, huko Nara, wahifadhi waliokuwa wakiuondolea kutu waliona chembe za dhahabu ziking'aa. Wakaupiga eksirei. Zikatokea herufi 115 za Kichina, 57 upande huu na 58 upande ule.

Kazi ya namna hii haifanywi na mwenye pupa. Bapa la upanga halizidi sana upana wa vidole viwili, na chuma hakina huruma. Fundi alichimba kila mstari wa herufi kwa patasi, akalaza uzi wa dhahabu ndani ya mfereji huo, akaugonga taratibu hadi ushike, kisha akasugua mpaka dhahabu na chuma vikawa sawa. Patasi ikiteleza, hakuna cha kufuta. Chuma kimechakaa kwa karne kumi na tano. Dhahabu aliyoipachika ingali inasomeka.

Maandishi yanamtaja Wowake, mkuu wa walinzi wenye panga, na nasaba yake ya vizazi vinane, na mfalme Wakatakeru aliyemtumikia. Mwaka ulioandikwa, wanahistoria wengi huuhesabu kuwa 471. Mwenye upanga ametajwa, babu zake wametajwa. Fundi, hata kidogo!

Ndiyo maana upanga wa kaburi la Eta Funayama unagusa moyo zaidi. Ulifukuliwa mwaka 1873 huko Kumamoto, kisiwani Kyushu, nao umepambwa kwa fedha: kuna umbo la farasi, na mgongoni herufi zipatazo 75. Mwishoni yameandikwa majina mawili, Itaka aliyeufua na Choan aliyeandika maneno. Hiyo ndiyo stahiki ya fundi.

Upanga huo umo katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, pamoja na taji na viatu vya shaba iliyopakwa dhahabu kutoka kaburi lilelile. Atakayejaliwa kufika aanzie mgongoni mwa upanga, alipo Itaka, ndipo atazame taji.