Lugulu: Msimu Hupangwa Mvua Ikiwa Bado Mbali

Mwishoni mwa Aprili, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, katika kaunti ya Bungoma nchini Kenya, si ajabu kukuta Lugulu mashamba mawili yaliyopakana ambayo hayafanani hata kidogo. Katika moja, mahindi yamefika magotini na palizi ya kwanza imekwisha. Katika la pili ndiyo kwanza yanachomoza, yamepauka, na mistari ina mapengo. Mvua ni ile ile na udongo ni ule ule. Tofauti yao haikuanza Aprili. Ilianza Septemba ya mwaka uliotangulia, kila mwenye shamba alipouza mahindi yake, na ikajitokeza Februari, mmoja akiwa na mbolea ndani ya nyumba na jirani yake akiwa bado anatafuta wa kumkopesha.

Mkulima anayetegemea mvua hana uwezo juu ya siku itakayonyesha, lakini siku ya kupata pesa na pembejeo inaweza kusogezwa. Mipango iliyofanya kazi Bungoma na Busia katika miongo miwili iliyopita, ukiivua majina na nembo zake, imefanya hilo tu: imehamisha pesa kutoka wakati zilipo hadi wakati zinapohitajika. Inafaa tuone jinsi ilivyofanyika, na mahali ambapo kazi haijakwisha.

Kwa nini wiki mbili ni nyingi

Wazee husema mahindi ya mvua ya kwanza hayana mfano, na sayansi inawaunga mkono. Mwaka 1958 Harry Birch, mtafiti wa udongo katika kituo cha Muguga karibu na Nairobi, alieleza kinachotokea udongo uliokauka unapolowa tena. Vijidudu huamka kwa wingi, huvunja mboji kwa kasi, na naitrojeni nyingi huachiliwa katika siku chache. Mche uliokwisha kutoa mizizi huifaidi. Usipokuwepo, mvua nzito ya Aprili huizamisha chini, mizizi isikofika, au huisomba hadi mtoni. Anayechelewa kwa wiki mbili amepoteza mbolea ambayo hakuinunua.

Lakini kuwahi nako kuna hatari yake. Machi huwa na mvua za kudanganya: zinanyesha siku mbili, mbegu inavimba, kisha jua linawaka wiki nzima. Wataalamu wa hali ya hewa huwa na kanuni za kutambua mwanzo halisi wa msimu, na mojawapo inayotumika sana ni milimita 20 ndani ya siku tatu hivi, zisizofuatwa na kiangazi cha zaidi ya wiki moja. Mkulima asiye na kipimo hupiga jembe aone unyevu umeshuka kiasi gani. Udongo ukiwa umelowa kina cha kiganja tu, anangoja.

Mwaka 2019 uliwajaribu wote. Katikati ya Machi kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, kikavuta unyevu kuelekea kusini, na mvua ya masika ikachelewa Kenya. Waliopanda kwa mazoea ya kalenda walipoteza mbegu. Kisha mwaka ukageuka. Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilikuwa na joto lisilo la kawaida, mvua za Oktoba hadi Desemba zikapita kiasi, na mahindi yaliyokuwa yakingoja kuvunwa kuzunguka Kitale yakaoza shambani. Ni mwaka ule ule, na shamba lile lile liliumizwa mara mbili: kwanza na ukavu, kisha na maji.

Utabiri wa msimu unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa hutaja, miongoni mwa mengine, uwezekano wa mvua kuwa juu, chini au sawa na wastani. Hilo linamsaidia waziri kuliko mkulima. Swali la Lugulu kwa kawaida si mvua itakuwa nyingi kiasi gani, kwa sababu katika miaka mingi inatosha. Wanachotaka kujua ni itaanza lini, itakatika lini, na itakuwa wapi wakati wa kuvuna.

Kusogeza siku ya pesa

Mkulima mdogo ana pesa miezi miwili hivi baada ya mavuno. Mbolea ya kupandia inahitajika miezi sita baadaye. Katikati kuna karo ya Januari, Krismasi, matanga na magonjwa. Ikifika Machi pesa zimekwisha, naye si mzembe wala mjinga.

Wanauchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walilipima jambo hili Busia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Wakulima walitembelewa mara tu baada ya kuvuna wakapewa nafasi ya kulipia mbolea siku hizo, nayo ingeletwa bila nauli. Punguzo lilikuwa dogo sana, ile nauli tu. Hata hivyo idadi ya waliotumia mbolea ilipanda kwa kiwango kinachokaribiana na kile ambacho kingepatikana kwa kupunguza bei kwa nusu wakati wa kupanda. Ofa ndogo iliyotolewa wakati mfuko umejaa ilifanya kazi ya ruzuku kubwa inayokuja mfuko ukiwa mtupu.

Shirika la One Acre Fund, lililoanzishwa Bungoma mwaka 2006 na Andrew Youn, lilijenga mfumo wake wote juu ya hesabu ya namna hiyo. Wakulima hujiandikisha kwa vikundi baada ya mavuno. Mbegu na mbolea hufikishwa kabla ya mvua, mahali ambapo mtu anaweza kuzifuata kwa miguu. Deni hulipwa kidogo kidogo mwaka mzima. Mbegu zenyewe na mbolea yenyewe zinapatikana katika duka lolote la pembejeo Webuye. Shirika lilichobadilisha ni tarehe.

Linganisha na ruzuku ya serikali. Tangu Agosti 2023 mfuko wa kilo 50 umeuzwa shilingi 2,500, nafuu kubwa kweli. Lakini foleni za maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao hurefuka Machi na Aprili, wakati ambapo kila siku ina gharama yake. Mwaka 2024 habari za mbolea bandia ndani ya mpango huo zilitoka katika miezi hiyo hiyo. Kwa aliyekwisha kufukia mbegu, hata fidia isingemrudishia wiki za Aprili. Mbolea ikifika Januari, kunabaki muda wa kuipima na kuibadilisha. Ikifika Aprili, mkulima anajua ubora wake kwa kuangalia majani.

Kamba na hesabu ya shimo

Mbolea ikishakuwa nyumbani, siku ya kupanda ni kazi ya mikono na vipimo. Kipimo kilichoenea ni sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo. Kamba hufungwa mafundo au vitambaa kila sentimita 25, watu wawili wanaivuta ikakaza, wengine wanafuata na majembe. Anatangulia wa kuchimba, anafuata wa mbolea, kisha anayerudishia udongo kidogo ili mbegu isiungue, na wa mwisho ni wa mbegu.

Ekari moja kwa vipimo hivyo ina mashimo takriban 21,600. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP ukigawanywa humo, kila shimo linapata gramu 2 na kitu. Wengi hupima kwa kizibo cha soda, na hapo ndipo mahesabu yanapoharibika, kwa sababu kizibo kilichojaa hubeba zaidi ya hapo. Ukijaza vizibo, mfuko unakwisha kabla ya kufika katikati ya shamba, na nusu ya chini inapandwa bila kitu. Anayefanya hesabu nyumbani mwezi wa Februari hujua kama kizibo chake kinajazwa au kinafika nusu. Mambo haya hayafai kugunduliwa wingu likiwa limetanda.

Mbegu ichaguliwe kutoka mwisho

Kitale ndiko nyumbani kwa Kenya Seed Company, iliyoanzishwa mwaka 1956, na ndiko mbegu chotara H611 ilikotoka mwaka 1964. Wakulima wengi wa Bungoma wamekua na imani kwamba mbegu bora ni ile inayopandwa Kitale. Imani hiyo inahitaji kuchujwa. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Lugulu iko chini yake kwa mita mia kadhaa. Baridi hurefusha maisha ya mahindi. Mbegu ya nyanda za juu kama H614, inayochukua miezi sita hadi saba, inafaa Kitale, ambako msimu ni mmoja mrefu na mavuno ni Oktoba hadi Desemba. Lugulu mahindi mengi huvunwa Agosti na Septemba, na mvua haikatiki wakati huo. Inapungua, kisha inarudi.

Kwa hiyo hesabu ianzie mwisho. Unataka kupanda maharagwe ya msimu wa pili mwanzoni mwa Septemba? Basi mahindi yaondoke Agosti, na mbegu iwe ya miezi minne hadi mitano, kama H516. Una shamba moja tu na hutaki msimu wa pili? Mbegu ndefu inaweza kukupa magunia zaidi, mradi ukubali kukaa na njaa mwezi mmoja au miwili zaidi. Mwenye busara hugawa: robo ekari ya mbegu ya mapema karibu na nyumba ili Juni na Julai pasiwe na mashaka ya chakula, iliyobaki iwe ya mbegu ndefu. Mahindi mabichi ya kwanza ndiyo humzuia mtu kuuza kuku na mbuzi kwa bei ya kutupa.

Agosti, mwezi unaosahaulika

Hapa ndipo mipango mingi huishia. Mahindi yanayotoka shambani yakiwa na unyevu wa asilimia 25 hayawezi kuwekwa ghalani, kwa kuwa Bodi ya Nafaka hutaka asilimia 13.5. Gunia la kilo 90 lililokauka vizuri limetokana na takriban kilo 104 za mahindi hayo mabichi. Anayeuza kwa dalali bila kipimo anaweza kukatwa uzito mkubwa kuliko huo. Asiyeuza na asiyekausha anangoja kuvu, na kuvu huleta sumu ya aflatoksini.

Kipimo cha bure kipo: chupa kavu, punje za mahindi na chumvi kavu. Tikisa dakika kadhaa, kisha uache punje zitulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Baada ya kukauka linakuja swali la kuuza. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel, wakishirikiana na One Acre Fund, walifanya jaribio Webuye na Matete, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Wakulima walikopeshwa pesa wakati wa mavuno, magunia yao ghalani yakifungwa vitambulisho kuwa dhamana. Hawakulazimika kuuza Septemba ili walipe karo. Walingoja bei ipande, na faida ya mkopo ikawa asilimia 29. Na kulikuwa na jambo la pili lenye uzito: mahali ambapo waliokopa walikuwa wengi, bei ya sokoni yenyewe ilitulia, kwa hiyo faida ya kila mmoja ikapungua huku majirani wasiokopa wakinufaika. Mkopo wa ghala, ukienea, unakuwa huduma ya soko zima.

Maji yanayoteremka

Lugulu ni ya vilima, na mafuriko yake hayafanani na ya Budalang'i kule Bunyala. Hata hivyo ni maji yale yale. Mto Nzoia huanzia Cherangani na Mlima Elgon, hupita Webuye na Mumias, na humwagika Ziwa Victoria baada ya kuvuka tambarare za Bunyala. Mwaka 2020 kingo zilivunjika tena kule chini, huku ziwa lenyewe likiwa limejaa kupita kiasi.

Ratiba ya kupanda ina mkono katika hili. Aprili ndipo mvua inapopiga kwa nguvu zaidi, na ndipo shamba lililochelewa linapokuwa tupu kabisa. Shamba lililopandwa Machi, likiwa na maharagwe katikati ya mahindi, tayari limefunikwa. Matuta ya fanya juu na mistari ya mabingobingo hupunguza kasi ya maji yanayobaki. Shirika la Vi Agroforestry lilifundisha mbinu za namna hii Bungoma, Siaya na Kisumu katika mradi ulioanza mwaka 2009, na mwaka 2014 wakulima wake wakawa wa kwanza Afrika kupata hati za kaboni ya udongo. Kwa mkulima wa Lugulu faida iliyo karibu zaidi ni kwamba mbolea yake inabaki kwake badala ya kwenda Bunyala.

Kule Bunyala hesabu ni ya kinyume. Kwenye vipande vinavyofunikwa na maji hupandwa maji yakishuka, kwa unyevu uliobaki, na taarifa za kina cha mto katika kituo cha Rwambwa zina maana kuliko utabiri wa msimu mzima. Mpango mmoja wa bonde zima la Nzoia hauwezi kutoa tarehe moja kwa wote.

Pa kuukosoa mpango

Mifumo hii ina udhaifu wake. Mkopo wa pembejeo humwachia mkulima hatari ya mvua pamoja na deni. Karibu yote imeegemea mahindi, zao ambalo viwavijeshi vamizi walilivamia mwaka 2017 bila kujali nani aliwahi kupanda. Na mashirika yanajua kufikisha mbolea Februari kuliko yanavyojua kukausha mahindi Agosti.

Hivyo serikali ya kaunti ikitaka kujua kama imepanga msimu vizuri, isihesabu magunia ya msaada yaliyogawiwa Julai. Iulize mambo mawili: ni familia ngapi zilikuwa na mbolea nyumbani kufikia mwisho wa Februari, na ni soko gani, kutoka Lugulu hadi Misikhu, lenye mashine ya kukaushia inayofanya kazi Agosti. La kwanza limeanza kupata majibu. Bajeti ijayo iende kwenye la pili.